Mwanasheria Mkuu: Achaguliwe na Raia au Ateuliwe na Mkubwa?

(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika barza ya tawi baada ya sala ya alasiri, na kuandikwa hapa kwa ombi la Mwenyekiti.)



Wiki mbili zilizopita lililetwa hapa barzani azimio lenye maneno machache na makofi mengi. Lilisema kwamba chama chetu kidai Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar achaguliwe na raia kwa kura, kama wanavyochaguliwa Wanasheria Wakuu wa majimbo ya Marekani, wala asiteuliwe tena na Rais. Makofi yalipopigwa, sisi hatukupiga. Baadhi ya ndugu walitutazama kwa jicho la kuuliza, na mmoja akatutania kwamba mwenye duka hapendi uchaguzi kwa kuwa siku ya kura duka hufungwa. Leo tunataka kueleza kwa nini mikono yetu ilibaki magotini.

Tuanze kwa kuifahamu kazi yenyewe, maana tumesikia watu wakiichanganya na kazi ya Jaji Mkuu, na wengine wakidhani kuwa huyu ni wakili wa kila mtu aliyedhulumiwa. Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa Serikali katika mambo yote ya sheria. Serikali ikishitakiwa, yeye ndiye huisemea mahakamani. Mswada ukifika Barazani, umekwisha pita mikononi mwake. Mkataba ukitiwa saini, yeye ndiye aliyepaswa kuusoma mpaka mstari wa mwisho. Cheo hiki tulikirithi kwa Waingereza. Tangu Baraza la Kutunga Sheria lilipoundwa mwaka 1926, Mwanasheria Mkuu alikuwa na kiti humo kwa cheo chake, na hata Katiba ya 1984 imemweka kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi bila ya kupigiwa kura na mtu hata mmoja.

Kwa miaka mingi mkono huo huo ndio pia ulioishika kalamu ya mashtaka, yaani kusema nani ashitakiwe, kwa kosa gani, na nani aachwe aende zake. Mwaka 1954 wakubwa wa Jumuiya ya Waarabu walishitakiwa kwa uchochezi kwa sababu ya makala yaliyotoka katika gazeti lao la Al-Falaq, na sisi tunaoandika na kusoma karatasi kama hizi hatuna haja ya kuelezwa kalamu ile inaweza kufika wapi. Mwaka 2002 tu ndipo Katiba ilipoitoa kalamu hiyo kwa Mwanasheria Mkuu ikampa Mkurugenzi wa Mashtaka. Naye pia huteuliwa na Rais. Kwa hivyo tutakalolisema leo juu ya mmoja, tunalisema juu ya wote wawili.

Sasa twende Marekani, kwa kuwa huko ndiko azimio letu lilikochukua mfano. Ndugu aliyelisoma alituambia kuwa Marekani yote huchagua. Si yote. Majimbo ni 50. Katika 43 raia humchagua Mwanasheria Mkuu wa jimbo lao kwa kura. Katika 5, nayo ni Alaska, Hawaii, New Hampshire, New Jersey na Wyoming, huteuliwa na Gavana. Katika Maine huchaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya jimbo kwa kura ya siri. Na katika Tennessee huteuliwa na majaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo, kwa muda wa miaka 8. Ama yule wa nchi nzima, aliyeko Washington, yeye huteuliwa na Rais na kuthibitishwa na Seneti. Wala kura haikuanza siku moja kila mahali. New York waliingiza kura kwa katiba yao ya 1846. Pennsylvania walimchagua wa kwanza mwaka 1980, baada ya magavana kuteua kwa muda mrefu. Watu hawa wenyewe, basi, wamekuwa wakijaribu mlango huu na mlango ule kwa karibu miaka mia mbili, na hawajakubaliana.

Lakini hatutaki kuidhulumu hoja ya vijana wetu. Wana hoja, tena nzito, na iliyo nzito kuliko zote hawakuitaja. Tutaitaja sisi.

Katika jimbo la Mississippi, ambalo ni miongoni mwa majimbo maskini ya Marekani, alikuwako Mwanasheria Mkuu jina lake Mike Moore, aliyechaguliwa na raia. Mwaka 1994 alizishitaki kampuni za tumbaku, na jimbo lake likawa la kwanza kufanya hivyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi hata kwa mtu asiyesoma sheria: jimbo linatoa fedha za umma kuwatibu maskini waliougua kwa sababu ya sigara, na aliyeleta maradhi ndiye anayepaswa kulipa dawa. Gavana wa Mississippi, Kirk Fordice, hakupendezewa. Mwaka 1996 alikwenda Mahakama ya Juu ya jimbo kutaka kesi isimamishwe, yaani Gavana alimpeleka mahakamani Mwanasheria wa serikali yake mwenyewe ili asiendelee kuzidai kampuni. Mahakama haikumkubalia. Ilipofika 1997 kampuni zilikubali kuilipa Mississippi zaidi ya dola bilioni 3, na mwaka 1998 majimbo 46 yakafikia mapatano nazo ya dola bilioni 206 zilipwe katika miaka 25. Sisi tunaouza sigara dukani, na tena kwa mmoja mmoja, tunaisimulia khabari hii kwa haya kidogo. Lakini ni kweli. Lau Moore angekuwa mteule wa Gavana, kesi ile ingekufa siku Gavana aliponuna.

Na mfano wa kinyume chake upo, tena katika visiwa. Visiwa vya Virgin vilivyo chini ya Marekani, huko baharini Karibi, Mwanasheria Mkuu wake huteuliwa na Gavana. Alikuwako bibi mmoja, Denise George, aliyezidai mahakamani mali za marehemu Jeffrey Epstein, yule tajiri aliyekuwa na kisiwa chake huko na aliyetajwa kwa kuwaharibu wasichana wadogo. Na akafanikiwa mwishoni mwa 2022 kupata mapatano ya zaidi ya dola milioni 100. Tarehe 27 Disemba 2022 akaishitaki benki kubwa ya JPMorgan Chase, akidai kuwa ilinufaika na biashara ya tajiri huyo. Kabla mwaka haujamalizika Gavana alimfukuza kazi. Hesabuni wenyewe, siku hazikutimia tano. Kesi haikufa, kwa kuwa ilikwisha funguliwa. Mwaka 2023 benki ilikubali kutoa dola milioni 75. Lakini aliyeifungua hakuwapo ofisini kuziona.

Ndugu zetu, mnatazamana, na tunajua mnafikiri nini. Hatuna haja ya kuvuka bahari kuutafuta mfano wa siku tano. Mwezi wa Oktoba 2014, katika Bunge Maalumu la Katiba kule Dodoma, ilipopigwa kura juu ya Katiba Inayopendekezwa, ilitakiwa theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar peke yao na theluthi mbili ya wajumbe wa Bara peke yao. Kura za upande wetu zilikuwa zikihesabiwa kwa vidole. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar wakati huo, Bwana Othman Masoud Othman, alisimama akapiga kura ya wazi akazikataa baadhi ya ibara, kwa kuwa aliona zinaipunguzia Zanzibar haki yake. Siku chache baadaye Rais Ali Mohamed Shein aliuondoa uteuzi wake. Kila aliye hapa anakumbuka alikuwa wapi siku ile khabari ilipotangazwa, na anakumbuka watu walivyokusanyika barzani bila ya kuitwa. Na kila mtu anajua kuwa mwaka 2021, baada ya kufariki marehemu Maalim Seif Sharif Hamad, bwana huyo huyo ndiye aliyeapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais.

Sasa vijana wetu watasema, basi si umekwisha tushindia? Lau angechaguliwa na raia, nani angeliweza kumfukuza?

Hapana. Na hapa ndipo tunapoomba masikio yenu, maana ndipo tulipolala macho.

Jambo la kwanza. Bwana Othman alifika katika cheo kile akiwa mtumishi wa sheria, na uhuru wa nafsi yake ulidhihirika akiwa kazini. Lau cheo kingekuwa cha kura, angelazimika kwanza kupitishwa na chama. Chama gani kingempitisha mtu ambaye siku ya siku hujui atapiga kura gani? Chama kilichokuwa kikitawala kisingempitisha, na tuseme kweli, na sisi tusingempitisha. Tungemtafuta mtu wetu, anayeimba nyimbo zetu, na wao wangemtafuta wao. Kura humpa mtu nguvu ya kumkatalia Rais, hilo kweli. Lakini humwondolea nguvu ya kukikatalia chama kilichompeleka.

Nayo Marekani inatupa ushahidi wa hili, kwa wanaotaka kuusikia. Mwaka 2011 Mwanasheria Mkuu wa Oklahoma, Scott Pruitt, aliyechaguliwa na raia, aliipelekea idara ya mazingira ya Washington barua ya kulalamikia hesabu za idara hiyo juu ya gesi inayovuja katika visima. Barua ilikuwa na muhuri wa jimbo na saini yake. Mwaka 2014 gazeti la New York Times likadhihirisha kuwa barua ile ilikuwa imetungwa takriban yote na wanasheria wa kampuni ya mafuta ya Devon Energy, naye akabadilisha maneno machache tu. Kwa nini mtu aliyechaguliwa na raia aiazime kampuni ya mafuta karatasi ya raia? Kwa sababu uchaguzi una gharama, na fedha za kampeni hutoka kwa wenye fedha. Sisi wenye vijiduka tunayajua haya kwa kiasi chetu. Mgombea akija kuchukua mchele na mafuta ya taa kwa mkopo kulishia mkutano, hulipa. Lakini si mara zote hulipa kwa fedha.

Pennsylvania, waliobadilisha wakaingia katika kura, walimchagua mwaka 2012 Bibi Kathleen Kane. Mwaka 2016 alihukumiwa kwa kutoa siri za baraza la uchunguzi ili kumchafulia mpinzani wake, kisha akasema uongo baada ya kuapa. Texas walimchagua Bwana Ken Paxton. Mwaka 2015 alifunguliwa mashtaka ya udanganyifu wa hisa, na pamoja na hayo raia walimrudisha 2018 na tena 2022. Hatusemi kuwa alikuwa na hatia. Mwaka 2023 baraza la wawakilishi la jimbo lilimshitaki kwa kura 121 dhidi ya 23, Seneti ikamwachia, na mashtaka yale ya mwanzo yalimalizwa kwa mapatano mwaka 2024. Tunachosema ni kuwa kwa karibu miaka tisa mkubwa wa sheria wa jimbo lile alikuwa mwenyewe ana kesi, na kura haikulifanya jambo hilo kuwa zito wala jepesi, kwa kuwa watu walimpigia kama wanavyopigia chama.

Kisiwa cha Guam, nacho ni cha Marekani huko bahari ya Pasifiki, kiliacha kuteua kikaanza kuchagua mwaka 2002. Wakachagua. Na miaka ya karibuni Mwanasheria Mkuu waliyemchagua na Gavana waliyemchagua waligombana mpaka wakafikishana Mahakama ya Juu ya kisiwa, kila mmoja akisema kuwa ametumwa na watu wale wale. Haya ni madogo, serikali hugombana. Tumeyataja kwa kuwa ni kisiwa.

Jambo la pili ndilo kubwa. Tufikirini visiwa vyetu jinsi vilivyo, tusivifikiri tunavyotamani viwe. Mwaka 1995 Tume ilitangaza kuwa mgombea wa chama tawala amepata asilimia 50.2 na wa upinzani asilimia 49.8. Nusu kwa nusu. Miaka miwili baadaye, 1997, wakaanza kukamatwa wanachama wa CUF, hesabu yao ikafika 18, wakashitakiwa kwa uhaini. Kosa hilo adhabu yake ni kifo na halina dhamana. Sisi wakati huo tulikuwa vijana tunaokwenda skuli asubuhi na chuoni jioni, na tunakumbuka akina mama waliokuwa wakipita na mabakuli ya chakula kuelekea jela, wakipita hivyo mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tatu umeingia. Mwaka 2000 mashtaka yaliondolewa wakatoka. Na mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikasema kuwa kosa la uhaini haliwezi hata kutendwa dhidi ya Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola peke yake. Watu wetu walikuwa huru, lakini sababu iliyotolewa ilituuma. Hiyo ni kadhia nyingine na ina barza yake.

Aliyewashitaki watu wale ni mteule wa Rais. Kweli. Sasa mwondoeni mteule, mkalisheni pale mtu aliyechaguliwa kwa asilimia 50.2. Je, angewaacha? Mteule wa Rais angalau alikuwa na mtu mmoja wa kumridhisha, na Rais alipobadilika, mambo yalibadilika. Aliyechaguliwa angekuwa na nusu ya nchi nyuma yake inayomwambia usiwaache, na mwaka wa uchaguzi unakuja. Angepanda jukwaani akasema: mimi ndiye niliyewatia ndani. Na angepigiwa makofi kama yale yaliyopigwa hapa wiki mbili zilizopita.

Tena kumbukeni mwaka 2015. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 25, na siku tatu baadaye Mwenyekiti wa Tume akatangaza kuwa ameufuta. Ukarudiwa Machi 20, 2016, upinzani haukushiriki, na mshindi akatangazwa kwa asilimia 91.4. Lau Mwanasheria Mkuu naye angekuwamo katika karatasi zile za kura, tungekuwa na mtu anayetembea na asilimia tisini mfukoni. Kila tulipomlalamikia angetutolea. Leo mteule akitudhulumu tunaweza kumwambia, wewe hukutumwa na watu. Silaha hiyo ni ndogo, lakini ndiyo tuliyonayo, na azimio letu linataka kuitupa baharini na kumkabidhi mtu cheti kutoka Tume ile ile ambayo kila siku tunasema hatuiamini. Jambo hili tumelipindua huku na huku na hatukuliona linavyosimama.

Na lipo neno ambalo hatukutaka kulisema mbele ya watu, lakini litasemwa. Siku ile, baada ya azimio kusomwa, kijana mmoja wetu nyuma alisema kwa sauti: siku tukishinda, Mwanasheria atakuwa wetu, na wao watautambua uhaini ni nini. Watu walicheka. Na sisi, tusiongope, tulicheka kidogo. Kisha tulipofunga duka usiku kicheko kile kiliturudia vibaya. Ikiwa tunaitaka kalamu ile ili tuwaandike wao kama walivyotuandika sisi, basi hatukatazi dhulma, tunagombea zamu. Kijana huyo tunampenda, na baba yake tunamjua alivyoteseka. Ndiyo maana tunamwambia hadharani.

Chuoni tulisomeshwa kisa cha Sayyidna Ali na Kadhi Shureih. Imesimuliwa kuwa Sayyidna Ali, akiwa Khalifa, alipoteza deraya yake akaiona kwa Myahudi, wakaenda kwa Kadhi. Kadhi akamwomba Khalifa ushahidi. Khalifa akamleta mwanawe Hasan, na Kadhi akasema ushahidi wa mwana kwa babake haupokelewi, akamhukumia Myahudi. Maalim wetu alipenda kukisimulia kisa hiki, na sisi tulikuwa tukimtazama Kadhi tu, tukimsifu ushujaa. Tulipokuwa watu wazima ndipo tulipomtazama Khalifa. Kadhi yule alihukumu dhidi ya mkubwa wake akalala nyumbani kwake akaamka Kadhi. Kesho yake hakufukuzwa. Suala letu, basi, lisiwe nani amemweka; liwe nani anaweza kumwondoa, na kwa muda gani, na kwa sababu gani. Denise George na Othman Masoud hawakuwa na kasoro ya kuteuliwa. Kasoro ilikuwa kwamba mkono mmoja uliweza kuwatoa peke yake kabla wino haujakauka.

Kwa hivyo tunaloliomba ni hili. Mwanasheria Mkuu na Mkurugenzi wa Mashtaka kila mmoja akae miaka 8, mara moja tu, asirudi. Tennessee wanampa Mwanasheria wao miaka 8, na jirani zetu wa Kenya katika Katiba yao ya 2010 wamempa Mkurugenzi wa Mashtaka miaka 8 isiyorudiwa, na Mwanasheria Mkuu wao hathibitiki mpaka Bunge la Taifa limkubali. Miaka 8 ni mirefu kuliko mitano ya Rais. Aliyemweka lazima arudi kwa wapiga kura kabla muda wa huyu haujaisha. Asiondolewe ila kwa njia ile ile anayoondolewa jaji, yaani kwa uchunguzi wa majaji na kwa sababu iliyoandikwa. Na akitoka, asigombee cheo cha siasa kwa miaka mitano.

Ama kumweka, Rais na amweke, lakini saini yake isitoshe. Mwaka 2010 sisi Wazanzibari tulikwenda katika kura ya maoni, na kwa asilimia 66.4 tukakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, na Makamu wa Kwanza wa Rais atoke katika chama kilichofuatia kwa kura. Tukampa kiti na gari. Sasa na apewe saini hii moja: asiwekwe Mwanasheria Mkuu wala Mkurugenzi wa Mashtaka ila Rais na Makamu wa Kwanza wote wawili wametia mkono. Hapo atatafutwa mtu ambaye pande zote mbili zinamwogopa kiasi na kumwamini kiasi.

Mzee mmoja tuliyemsomea maneno haya jana alituuliza masuala mawili. La kwanza, itakuwaje wakikataana? Tulimjibu kuwa chama cha mawakili kilete majina matatu na majaji wachague mmoja katika hayo. Hakuridhika sana, akasema majaji nao wamewekwa na nani. Na kwa hilo hatukuwa na jibu la kumnyamazisha, ila kuwa jaji angalau hafukuzwi kwa barua moja. La pili, itakuwaje kiti cha Makamu wa Kwanza kikiwa kitupu, kama kilivyokuwa baada ya 2016 mpaka 2020? Hili ni zito zaidi, kwa kuwa kiti kile kilikuwa kitupu kwa khiyari yetu upande wa upinzani, tulipoukataa uchaguzi. Tulimjibu kuwa kiti kikiwa kitupu, aliyekuwapo kazini aendelee mpaka kijazwe. Kama ndugu yeyote ana jibu bora kuliko hili, tutalipokea.

Na tusidanganyane kuwa maandishi peke yake yatatulinda. Kenya ilikuwa na kinga ya Mwanasheria Mkuu katika katiba yake ya mwanzo; mwaka 1986 Bunge liliifuta, na mwaka 1990 ikarejeshwa. Kilichoandikwa kwa wingi wa kura za Baraza hufutwa kwa wingi wa kura za Baraza, na Baraza lililotokana na uchaguzi wa 2016 lilikuwa karibu lote la upande mmoja. Ndiyo maana tunataka kinga hii iwekwe katika sehemu ya Katiba isiyobadilishwa mpaka raia waulizwe kwa kura ya maoni. Hapo ndipo kura ya raia inapostahiki kuwa, Ndugu Mwenyekiti: juu ya sheria yenyewe, isiwe juu ya jina la mtu.

Azimio la vijana litapigiwa kura Ijumaa ijayo baada ya sala. Sisi tutalipinga, na tumekwisha mpa Katibu karatasi yenye azimio letu badala yake, limeandikwa kwa mkono, mistari kumi na moja. Tunaomba lisomwe polepole, kwanza lile la vijana kisha hili, na kijana yule aliyesema neno lile nyuma tunamwomba akae mbele, kwa kuwa tungependa yeye ndiye awe wa kwanza kutujibu.

Wassalaam.